Anayepiga Deki Ndiye Anayelijua Jengo

Mhadhara kwa wasimamizi wa majengo, keteka (watunza majengo) na wafanyakazi wa usafi, Mombasa

Assalamu aleikum, na hamjambo nyote. Nawashukuru mlioacha kazi zenu mchana huu, hasa mlioingia bado mmevaa makoti ya kazi.

Hebu inueni macho mtazame dari, pale juu ya mlango wa kulia, chini ya kiyoyozi. Mnaliona lile doa la rangi ya chai? Nina hakika dada anayepiga deki humu aliliona zamani, likiwa bado dogo kama shilingi. Na nina hakika pia kwamba hakuna aliyemuuliza.

Lile doa halikutokana na uchafu wa dari. Hewa yetu imebeba unyevu mwingi. Kiyoyozi kinapoipoza, unyevu unageuka maji, maji yanadondokea kwenye trei iliyo ndani ya mashine, kisha yanatoka nje kwa kibomba chembamba. Ofisi ikiwa na watu wengi na mlango unafunguliwa kila dakika, si ajabu kiyoyozi kimoja kutoa ndoo nzima kwa siku. Sasa vumbi lililopenya kwenye chujio linakutana na yale maji, linakuwa ute, ute unaziba kibomba, trei inafurika. Maji hayana adabu, yanapita popote. Jipsamu, zile mbao nyeupe za dari, inanyonya taratibu, ukungu unaota upande wa juu ambako hakuna anayeuona, na huku chini mtu wa usafi anaambiwa apande ngazi afute doa. Anafuta leo, Jumatatu limerudi. Fundi wa kiyoyozi ataitwa siku kipande cha dari kitakapomwangukia mtu wa mapokezi.

Tiba yake ni ya dakika chache. Chujio lioshwe kila wiki mbili hivi, liwe limekauka kabisa kabla ya kurudishwa. Kisha chukua jagi la maji, mimina kwenye trei polepole, umwache mwenzako nje aangalie kama maji yanatoka. Yasipotoka, mmeshajua.

Nililokuja kusema hapa ni hili: Mombasa, usafi na matengenezo ni kazi moja, na sisi tumeigawa mara mbili. Zabuni ya usafi kivyake, zabuni ya ukarabati kivyake, bajeti mbili, mameneja wawili wasiosalimiana. Anayeona ufa wa kwanza hana ruhusa ya kuutaja, na mwenye ruhusa hafiki pale mpaka jengo lilie. Pengine mji mwingine unaweza kuvumilia mpango huo, lakini sisi tunaishi kisiwani.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo mwenye mji. Chumvi ya kawaida, hii ya jikoni, ina tabia moja: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, inaanza kunyonya maji hewani yenyewe. Asubuhi nyingi hapa tunaipita asilimia hiyo kabla ya chai. Kwa hiyo chumvi iliyotua kwenye kioo, kwenye fremu ya dirisha au kwenye ubao wa kompyuta hailali kama vumbi. Usiku inalowa, mchana inakauka, usiku inalowa tena, na kila mara inakula chuma kidogo. Ndiyo maana bawaba za madirisha yanayotazama bahari zinakufa mapema kuliko za upande wa uani. Ukipangusa bawaba hizo kwa kitambara kilicholowekwa maji baridi, ukazikausha, ukazipaka mafuta kidogo, tayari umefanya matengenezo, hata kama kwenye karatasi imeandikwa usafi.

Halafu tunaiongeza wenyewe. Majengo mengi ya hapa mjini yana kisima, na maji yake yana chumvi. Yanatumika chooni, sawa, hakuna ubaya mkubwa. Lakini maji hayohayo yanajazwa kwenye ndoo ya deki, kwa sababu ya mfereji yamekatika au lori la maji ni ghali. Mmewahi kuona sakafu ambayo tangu saa mbili mpaka saa tano bado inanata? Watu wanailaumu sabuni. Maji yamekauka, chumvi imebaki juu ya kigae, na inavuta unyevu upya. Ukiishiwa na maji matamu, afadhali ufagie kwa uangalifu, upanguse kwa mopu iliyokamuliwa sana, uache deki mpaka kesho. Na yale machache uliyonayo usiyatie ndoo moja. Weka ndoo mbili, moja ya maji yenye sabuni, moja ya kusuuzia mopu. Deki ya ndoo moja, kufika chumba cha tatu, inahamisha tope la chumba cha kwanza.

Ukutani chumvi ndipo inapokuwa ghali. Ukiona unga mweupe chini ya ukuta, kiasi cha kimo cha goti, na rangi imevimba kama malengelenge, usichukue msasa na rangi. Maji yanapanda kutoka ardhini au yanaingia kutoka kwenye bomba, yanabeba chumvi, yanakauka usoni mwa ukuta na kuiacha pale. Brashi kavu kwanza, kusanya unga, utupe nje. Ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Kisha tafuta maji yanatoka wapi. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ilipoagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, mji ulipendeza, sikatai. Lakini nyeupe haifichi kitu. Aliyepaka juu ya ukuta wenye unyevu alilipa fundi wa rangi mara ya pili. Rangi hapa ipakwe Januari na Februari, wakati wa kaskazi, kuta zikiwa kavu. Kupaka rangi katika mvua za Mei ni kufungia maji ndani.

Wenye ofisi Mji wa Kale na majengo ya zamani kuzunguka Treasury Square, nawaomba mnisikilize zaidi. Kuta zenu nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo zinapumua, maji yanaingia na kutoka. Ukizibandika lipu ya saruji na rangi ya mafuta umeziba pua, unyevu utatafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni kichwa cha boriti. Mashine ya kurusha maji kwa nguvu nayo isikaribie ukuta wa chokaa. Inang'arisha kwa nusu saa na kuondoa ngozi ya ukuta iliyokaa miaka. Brashi laini, maji machache, subira.

Kwenye majengo ya zege shida ni nondo, vile vyuma vilivyozikwa ndani ya zege. Chumvi ikipenya zege ikafika kwenye chuma, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Inapasua zege kutoka ndani. Dalili yake ya kwanza ni mstari mwembamba wa rangi ya kahawia chini ya baraza au pembeni mwa nguzo. Nani anaupitia mstari huo kila asubuhi na ufagio mkononi? Akiupaka chokaa ili bosi asione, au akiambiwa aupake, mnajua wenyewe baraza hiyo itaishia wapi.

Sasa asidi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Mji huu una sakafu nzuri za terazo, zimewekwa na mafundi ambao leo huwapati. Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, ndani ya saruji. Marumaru na saruji vyote vinaliwa na asidi. Mtu anakuja na chupa ya asidi ya choo, anamwaga, povu linafuka, anafurahi: uchafu unatoka! Ndugu yangu, linalofuka ni sakafu. Baada ya mwezi imekuwa na vitundu, kila kitundu kinashika mchanga, na sasa inachafuka haraka kuliko zamani. Inaongezwa asidi. Terazo inataka sabuni isiyo kali, maji machache, na mchanga uzuiwe mlangoni. Kapeti la mlangoni liwe refu, mtu apige hatua nne au tano juu yake kabla ya kuikanyaga sakafu. Vile vipande vya kukaribishia wageni, vya hatua moja, ni mapambo tu. Na kapeti likungutwe kila siku, maana likijaa linageuka kuwa ghala la mchanga.

Asidi hiyohiyo ina hatari nyingine, na hii hata ndugu wa vyoo vya sokoni naomba waisikie. Asidi ya choo ikikutana na maji ya klorini, ile mnayoiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, inatoka hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Ndiyo hewa Wajerumani waliyowafungulia wanajeshi wa upande wa Ufaransa kule Ypres, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Aprili 1915. Leo inatengenezwa kwenye vyoo vya ofisi, dirisha limefungwa, na mama wa watu yumo ndani, kwa sababu kaambiwa achanganye dawa mbili "ziwe na nguvu". Usichanganye. Asidi kwenye stoo ikae rafu yake, klorini rafu yake.

Klorini yenyewe pia tunaipoteza bure. Ukiimwaga juu ya uchafu, uchafu unaimaliza kabla haijafika kwa kijidudu. Osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo upake dawa, na uiache ilowe dakika kumi. Chupa iliyoandikwa asilimia 3.5: kwa meza, vitasa na sakafu ya choo, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo 34 vya maji. Palipomwagika damu au matapishi, kimoja kwa sita. Changanya ya siku hiyo tu. Na msiweke mitungi juani kule paani, joto linaiua, mnabaki mnapaka maji yenye harufu.

Vitambaa navyo vigawanywe kwa rangi. Uingereza wamezoea nyekundu kwa choo, buluu kwa ofisi, kijani kwa jikoni, manjano kwa sinki za kunawia. Si lazima rangi hizo. Lazima ni kwamba kitambaa kilichopangusa choo kisiione meza ya mtu.

Matangi nitayataja kwa ufupi ingawa yanastahili mhadhara wao. Mwaka 1976 wanajeshi wastaafu wa Marekani walifanya mkutano hotelini Philadelphia, wengi wakaugua mapafu, baadhi wakafa. Bakteria aliyehusika alitambuliwa mwaka uliofuata, akaitwa Legionella. Anastawi kwenye maji ya uvuguvugu, baina ya nyuzi 20 na 45, na anamwingia mtu kwa kuvuta matone madogo ya hewani. Tangi letu la paani halihitaji kupashwa moto ili lifike nyuzi hizo. Liwe na mfuniko unaofunga, lioshwe tope la chini kwa ratiba, na mifereji na shawa zisizotumika zifunguliwe kila wiki maji yapite.

Ukiwa huko paani, tazama mdomo wa bomba la mvua. Kunguru wetu anajenga kwa nyaya na hanga za nguo, karibu na mashine za viyoyozi, na kiota kikiporomoka kinaziba bomba. Kazi hiyo imalizwe Machi, masika haijaingia. Mei bomba lililozibwa linalifanya paa kuwa bwawa. Baada ya mvua, Julai au Agosti, ndipo usafi mkubwa wa ndani: nyuma ya makabati, juu ya dari, mazulia yote. Vioo vya nje vya ghorofani visubiri upepo utulie. Kusi ikivuma, mtu hapandishwi kamba. Na sheria ya usalama kazini ya 2007 inakataza kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya glavu au mkanda unaotakiwa na sheria hiyo. Wapo wanaokata. Sitawataja, wanajijua.

Basi kwenye mkataba wenu unaofuata wekeni kifungu kimoja. Daftari likae kwenye meza ya askari mlangoni. Mtu wa usafi akiona doa, ufa, kutu au bomba linalodondosha, anaandika mahali na tarehe, au anamwambia askari aandike kama kalamu inamsumbua. Meneja wa matengenezo atie sahihi ndani ya siku mbili, na malipo ya mkandarasi wake yategemee sahihi hizo. Zaidi ya hapo, mlipeni anayeandika. Hata kidogo, juu ya mshahara, kwa kila alichokiona kikathibitishwa. Kuna mameneja watakaosema wafanyakazi wataandika uongo ili walipwe. Unaweza kwenda kuangalia, doa halikimbii.

Karatasi za vipimo vya klorini ziko pale mezani, chukueni mkabandike stoo. Kabla ya maswali, keteka wa ukumbi huu yuko? Naam, bwana, tafuta jagi na ngazi, tukaijaribu ile trei pale pale. Wewe kijana wa nyuma toka nje, usimame chini ya kibomba utuambie kama kinatoa maji. Wengine tuendelee, dada mwenye mtandio wa kijani uliinua mkono mwanzo.