Shujaa Aliyeachwa Kuandika Kumbukumbu za Kikao

Mabibi na mabwana, naomba nianze na tukio dogo lisilokumbukwa na wengi. Wonder Woman alizaliwa katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1941, ametungwa na mwanasaikolojia William Moulton Marston. Mwaka uliofuata alipokelewa katika Justice Society, chama cha mashujaa, naye akapewa kazi ya ukatibu. Wenzake wa kiume walipofunga safari kwenda vitani, yeye, aliyeweza kukinga risasi kwa vikuku vyake, alibaki nyuma.

Nguvu alikuwa nazo tele. Alichonyimwa ni sauti katika shauri. Ndiyo maana nashikilia kwamba tunapompima mhusika wa kike tusianze kwa kuuliza ana nguvu gani, bali tuulize anataka nini yeye mwenyewe.

Kwa kipimo hicho, waovu wa kike mara nyingi waliwatangulia mashujaa. Catwoman, aliyejitokeza mwaka 1940 katika toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha shujaa Batman, aliiba vito kwa kuwa alivitaka, akaponyoka kwa werevu wake. Katika filamu ya katuni ya Sleeping Beauty, ya mwaka 1959, mchawi mwovu Maleficent ndiye anayeisukuma hadithi, ilhali binti mfalme amelazwa usingizi. Lakini uhuru huo ulikuwa na sharti zito: mwanamke aliachiwa kutaka makuu pale tu ambapo kutaka kwenyewe kungehesabiwa kuwa hatia. Jambo hilo linanisikitisha hadi leo, kwa sababu mtoto anayesoma hujifunza bila kuambiwa.

Harley Quinn anastahili tukae naye kidogo. Paul Dini na Bruce Timm walimtunga kwa ajili ya katuni za televisheni za Batman mwaka 1992, akiwa msaidizi tu wa Joker, adui mkuu wa Batman. Kitabu cha Mad Love, cha mwaka 1994, ndicho kilichotueleza kwamba alikuwa daktari wa magonjwa ya akili aliyempenda mgonjwa wake, Joker. Mwishoni mwa hadithi hiyo Joker amemsukuma dirishani, naye amelala amefungwa bendeji, akiapa kwamba sasa yamekwisha. Mara anaona ua moja ndani ya chombo, na kadi ya kumtakia nafuu kutoka kwa huyo huyo aliyemvunja mifupa, na uso wake unang'aa. Sijui picha ya katuni iliyoeleza kwa ukweli zaidi jinsi mtu anavyorudi kwa anayemuumiza. Hapo uovu wa Harley unapata chanzo, nasi tunalazimika kumhurumia bila kumtakasa.

Kwa upande wa mashujaa, namweka mbele Storm, aliyeingia mwaka 1975 katika X-Men, kundi la mashujaa waliozaliwa na uwezo wa ajabu. Radi na mvua humtii, lakini utotoni alifukiwa na kifusi huko Cairo, kando ya maiti ya mama yake, na tangu hapo mahali pa kubana humtia hofu kuu. Waandishi wake walithubutu hata kumvua uwezo wote. Katika toleo la 201 la kitabu cha X-Men, la mwaka 1986, akiwa hana radi wala upepo, alipambana na Cyclops, shujaa mwenzake wa kundi hilo, kuamua nani awaongoze wenzao, akamshinda, na uongozi ukawa wake.