Ati asiye na kazi afagie mtaa ndo ale? Watu wa Moshi tuongee

Shikamooni wazee wangu wa Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu na Machame, wadogo zangu wa mjini mambo zenu. Leo naingia moja kwa moja maana hili jambo limenikaa kooni wiki nzima. Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya huko nyumbani, kaka mmoja anaongea kwa uchungu kabisa, anasema vijana wamejaa vijiweni, wapagazi msimu wa mvua hakuna wageni wa mlima wamekaa tu Majengo na Pasua, basi serikali ifanye kama Uingereza, asiye na kazi apewe ufagio na jembe atumikie jamii ndo apate msaada. Na mmenitumia wengi, dada wewe uko Leicester hukohuko Uingereza, hebu tuambie ni kweli wazungu wanafanya hivyo?

Walifanya ndiyo, halafu wakaacha. Na hiyo sehemu ya kuacha ndo kaka hakuisema.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo hela zenyewe. Sisi wengi tuliokuja kwa viza ya kazi au ya masomo hatugusi hata senti ya msaada wa serikali, ni sharti la viza kabisa, ukipoteza kazi unajua mwenyewe, kwa hiyo mkisikia ughaibuni watu wanalipwa kukaa bure msidhani ni binamu yenu. Wanaopata ni hasa raia na wenye ukaazi wa kudumu, na hata wao Aprili 2025 mtu mmoja wa miaka 25 na kuendelea alikuwa anapata pauni 400.14 kwa mwezi kama posho ya msingi, ya kodi ya nyumba inahesabiwa kivyake. Mia nne kwa mwezi huku jamani, umeme, gesi, basi, chakula. Hakuna anayestarehe.

Sasa mwaka 2011 serikali ya huku ikaleta mpango, ofisa wa ajira anakuangalia akiona hujitumi anakupeleka kufanya kazi ya faida kwa jamii, masaa 30 kwa wiki hadi wiki 4, ukikataa posho inakatwa. 2014 wakaongeza mwingine kwa waliokaa muda mrefu bila ajira, huo sasa ni masaa 30 kwa wiki hadi miezi 6, na juu ya hapo bado unatakiwa uonyeshe unatafuta kazi. Kuna mama mmoja jirani yangu, mtu mzima, aliwahi kupelekwa kwenye duka la mitumba la hisani, anapanga nguo kutwa nzima. Anasema kazi yenyewe haikuwa mbaya, kilichomuuma ni kwamba siku ameitwa intavyuu ilibidi aanze kuomba ruhusa kama mtoto wa shule, na wenzake wa pale waliokuja kujitolea kwa moyo wao walikuwa wanaondoka saa yoyote wakitaka.

Hebu tupige hesabu pamoja. 2013 posho ya mtu wa miaka 25 na zaidi ilikuwa pauni 71.70 kwa wiki. Gawanya kwa masaa 30, unapata pauni 2.39 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara wa mtu mzima wakati huo 6.19. Yaani sheria inamwambia mwenye duka ni kosa kumlipa mtu chini ya 6.19 halafu serikali hiyohiyo inampa mtu wa kumfanyia kazi, yeye halipi hata senti na mfanyakazi anabaki na mbili na kitu. Kijana wa chini ya miaka 25 ndo kabisa, posho yake 56.80, haifiki hata pauni mbili kwa saa.

Na hili ndo lilinifanya nikasirike kabisa nilipolisoma. Mahakama za England zikimhukumu mtu adhabu ya kufanya kazi za jamii, labda kaiba, labda kapiga mtu, mwisho kwa sheria ni masaa 300. Mtu wa masaa 30 kwa wiki kwa wiki 26 ni masaa 780. Mara mbili na nusu ya mhalifu na zaidi, na kosa lake ni kukosa kazi tu!

Kuna binti anaitwa Cait Reilly, alisoma jiolojia chuo kikuu, alikuwa anajitolea kwenye makumbusho Birmingham akijijengea CV ya fani aliyosomea, wakamwambia aache aende kwenye duka la Poundland kupanga bidhaa na kufagia la sivyo posho inakatwa. Kuna na dereva wa malori, Jamieson Wilson, yeye alitakiwa kusafisha samani masaa 30 kwa wiki kwa miezi 6, akakataa, wakamkatia. Wakaenda mahakamani wote wawili, Februari 2013 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni za mipango waliyopelekwa wao, mingine ya aina hiyohiyo, zilikuwa batili maana hazikueleza vizuri mipango yenyewe ni ipi na watu wanatakiwa kufanya nini. Niwe mkweli hapa, mahakama haikusema ni kazi ya shuruti, hilo walilikataa, na Mahakama ya Juu Oktoba mwaka huohuo ikabaki palepale. Serikali nayo wala haikurudisha hela kwa wengi wa waliokatwa, bunge lilishapitisha haraka sheria Machi ya kuhalalisha makosa ya nyuma. Mnyonge hata akishinda kesi hapati chake, aisee.

Adhabu zenyewe kuanzia 2012, ukirudia kosa kubwa mara ya tatu ulikuwa unaweza kukatiwa posho hadi miaka 3. Mi-a-ka mi-ta-tu, halafu mtu ale nini? Hiyo ya miaka 3 waliiondoa 2019.

Je, watu walipata ajira? Wizara yenyewe iliyoanzisha ule mpango wa kwanza ilifanya utafiti 2012 ikakuta waliopelekwa hawakuwa na nafasi kubwa ya kupata ajira kuliko wasiopelekwa. Mashirika kama Oxfam yakakataa kupokea watu wa kulazimishwa, na 2015 serikali ikatangaza kwamba mipango yote miwili haiendelei. Kwa hiyo kaka yangu wa voisi, unataka tuchukue kitu ambacho wenyewe wamekitupa.

Sasa turudi Moshi. Mji wetu tunajivunia ni msafi, si ndiyo? Nani anausafisha? Ni akina mama wale unawakuta alfajiri barabarani na fagio ndefu na viakisi mwanga, kuna watoto wanasoma kwa hiyo hela. Ukileta vijana 100 wa kufagia bila mshahara, halmashauri au mkandarasi ataendelea kuwalipa wale mama kwa sababu gani? Wiki ijayo mama naye yuko kijiweni, na yeye anapewa ufagio uleule afagie barabara ileile, safari hii bila mshahara. Kama kazi ipo basi ipo, muajiri mtu umlipe.

Najua mtasema mbona sisi tuna msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Mimi nimekulia huko juu nimeona watu wanatoka na majembe kusafisha mfongo, ule mfereji wa maji ya mashambani, kabla ya msimu, asiyetokea anatozwa faini na hakuna anayelalamika sana. Lakini angalieni, yale maji yanaingia kwenye kihamba chako na migomba yako, mkutano mlikaa wenyewe mkapanga siku wenyewe, na tajiri na maskini wote wanashika jembe. Mwalimu yupo, mwenye duka yupo. Hiyo ya Uingereza ni maskini peke yake anashika jembe huku mwingine anamsimamia na karatasi. Msivichanganye hivi vitu viwili nawaomba sana.

Halafu tuna TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, na hapa ndo nataka watu wasikilize. Kwenye kunusuru kaya maskini kuna ruzuku ya kaya, na kuna miradi ya ajira za muda, walengwa wanachimba barabara za kijiji, malambo, wanapanda miti. Awamu ile ya kwanza ilikuwa mtu mmoja kwa kaya, masaa 4 kwa siku, siku hadi 60 kwa mwaka kipindi cha njaa, kwa shilingi 2,300 kwa siku. Ni hela ndogo, tena ndogo mno, siitetei. Lakini ilikuwa JUU ya ruzuku, nyongeza, na masaa 4 yanakuachia mchana wa kwenda shambani au sokoni Kiborloni. Mbongo aliyekaa akapanga hivyo alifikiria zaidi kuliko waliopanga huku. Tudai siku ziongezwe, malipo yapande na hela isichelewe, wapagazi wasio na wageni Aprili na Mei wawekwe na wao, mitaro ya Pasua inahitaji watu na wao wana nguvu, walipwe.

Kwa hiyo mkienda mkutano wa mtaa na mtu akasimama na hoja ya vijana watumike, muulizeni anayelipa ni nani, shilingi ngapi kwa siku, na hiyo kazi sasa hivi inafanywa na nani. Na nyie walengwa wa TASAF mnaonitazama, au mama yako ni mlengwa, niandikieni hapo chini mara ya mwisho mmelipwa lini na mlifanya kazi gani, ntazisoma zote na Jumapili tunaongea live, nataka tuanze na nyie.