Cheti cha Roboti Hakitoshi: Mhadhara kwa Kamati za Vibali vya Upasuaji

Wajumbe wa kamati na madaktari wenzangu, cheti anachotoa mtengenezaji wa roboti ya upasuaji kinathibitisha kwamba daktari anajua kuiendesha mashine. Kama anaweza kumtoa mgonjwa uvimbe kwa mashine hiyo bila kumtoboa utumbo, hilo ni suala jingine, na jibu lake mnalidaiwa ninyi.

Upasuaji wa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo ulipovuma Marekani, wengi walihudhuria kozi fupi, wakajaribu kwa nguruwe, kisha wakaingia kazini. Mrija mkuu wa nyongo ukawa unakatwa kwa kudhaniwa ni mrija wa mfuko. Mwaka 1992 jimbo la New York likalazimika kutoa mwongozo wa usimamizi, na kuanzia mwaka wa masomo 2009/2010 bodi ya upasuaji ya Marekani ilianza kumtaka kila anayehitimu upasuaji wa jumla awe amefaulu mtihani wa FLS, yaani wa misingi ya upasuaji wa matundu madogo.

Mtihani huo una kazi tano ndani ya sanduku lenye kamera. Tazameni ya tano. Mtahiniwa hupewa uzi wa sentimita 15 na kibomba cha mpira laini kilichopasuliwa, chenye alama mbili za wino. Sindano ipite palepale kwenye alama. Fundo la kwanza mizunguko miwili, kisha mmoja, kisha mmoja tena, akibadilisha mkono kila mara. Akikosa alama, akiacha pengo au fundo likilegea, anakatwa maksi. Aking'oa kibomba kwenye kishikizo chake, anapata sifuri. Wanaoanza hukwama kwenye mkia wa uzi: wanauacha mrefu, hauchomoki kwenye kitanzi. Sentimita 2 zinatosha.

Roboti hurahisisha fundo hilo, lakini mashine nyingi zinazotumika hazimpi daktari hisia ya nguvu anayovuta. Lazima asome kwa macho: nyama inapauka, uzi unanyooka kupita kiasi. Asiyezoea huukata, au huusogeza mkono wa mashine nje ya picha ya kamera na kuuchoma utumbo asiouona.

Kwa hiyo, ombeni video nzima zisizohaririwa za upasuaji alioufanya daktari, zipimwe na mtu wa nje, na kibali kitolewe kwa aina moja ya upasuaji, si kwa "roboti" kwa jumla. (Idadi ya wagonjwa peke yake hainiridhishi hata kidogo.)

Halafu pimeni timu nzima kwa kuhesabu muda, kwa zoezi la dharura: damu imeruka, mpasuaji yuko kwenye konsoli (kiti cha kuiongozea roboti), hajavaa glavu tasa. Msaidizi akandamize kwa chachi, vifaa viachie nyama na kutolewa huku kamera ikitazama, mikono ya roboti itenganishwe na trokari (mirija ya kupitishia vifaa tumboni), mashine isogezwe, tumbo lifunguliwe. Umeme ukikatika huku meno ya kifaa yamebana nyama, huachishwa kwa ufunguo maalumu. Muulizeni muuguzi ufunguo huo uko wapi, naye aende kuuchukua mbele yenu.