Namba za Waja Leo, Waondoka Leo
Mhadhara kwa mafundi wa maabara za viwandani, Tanga

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuja na jua hili. Leo tunauliza kwa nini kimiminika kilekile kikipimwa mara mbili hutoa namba mbili, na joto lenyewe ndilo shahidi wangu wa kwanza.

Nani hapa ana ndugu Lushoto? Basi mnalijua hili. Chupa ya mafuta ya nazi ikiwa hapa mjini, Ngamiani, humiminika kama maji. Ukipanda nayo milimani Lushoto wakati wa baridi, asubuhi unaikuta nyeupe, unachokoa kwa kijiko. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi kama 24 za Selsiasi. Hakuna aliyeyachakachua njiani. Ni yaleyale, ila joto limebadilika.

Kiwandani tumezoea kusema “uzito”: rangi nzito, sabuni nyepesi. Uzito ni kilo, jamani. Leo nitasema mnato, yaani namna kimiminika kinavyogoma kutiririka. Maji ya nyuzi 20 yana mnato wa karibu sentipoizi 1; sentipoizi ndiyo kizio cha mnato. Yakifika nyuzi 30 hushuka hadi kama 0.8. Glisirini safi ni balaa zaidi: kwenye nyuzi 20 ni kama 1,400, kwenye nyuzi 30 haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo mtu akiniletea namba ya mnato bila joto lililopimwa ndani ya sampuli yenyewe, namrudishia karatasi yake. Joto la chumba halinisaidii.

Niliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha rangi, sitakitaja. Zamu ya mchana ikisema rangi imelegea, inaongeza unga wa kukaza. Zamu ya usiku inapima pipa lilelile, inasema imekaza, inamwaga thina ya kuilegeza. Tulibishana wiki nzima, kila zamu ikiamini wenzao ni wazembe. Kumbe mchana walikuwa wanachota moja kwa moja kwenye mashine ya kukorogea, rangi bado ya moto na imetoka kukorogwa. Usiku walichota, wakaiacha mezani chini ya kiyoyozi, wakanywa chai kwanza. Viskomita, kifaa chetu cha kupimia mnato, haikuwa na kosa lolote. Sisi ndio tulikuwa tunapima vitu viwili na kuviita kimoja.

Tanga tunajisifu kwa waja leo waondoka leo. Kwa wageni, sawa. Namba ya maabara ikiwa na tabia hiyo, asubuhi ipo na jioni haipo, huwezi kuitumia kukataa wala kukubali bachi, yaani mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja.

Ujirudiaji wa kipimo ni swali moja: mtu yuleyule, kwa kifaa kilekile, kwa njia ileile, mahali palepale, ndani ya muda mfupi, akipima tena atapata namba zinazokaribiana kiasi gani? Ukibadilisha mtu au maabara, hilo ni jambo jingine na lina hesabu yake. Kiwango cha kimataifa cha vipimo, ISO 5725, kinayatenganisha haya mawili.

Sasa, kurudia nini? Hapa ndipo wengi wetu tunajidanganya. Fundi anaweka bika moja la mtindi, anawasha viskomita, anasoma. Anawasha tena, anasoma. Mara tano. Kisha anaandika kwamba kifaa hakirudii majibu kwa sababu namba zinashuka kila mara. Lakini mtindi ukizungushwa unavunjika! Ile spindo, fimbo ya kifaa inayozunguka ndani ya sampuli, ndiyo inayoulegeza, na hauwezi kurudi ulivyokuwa kwa dakika mbili. Rangi nyingi na sosi ya nyanya zina tabia za namna hiyo. Kushuka huko si kuyumba kwa kifaa, ni sampuli inayochoka. Kwa mafuta ya kula, ambayo mnato wake haujali unavyoyakoroga, kurudia kwenye bika moja kunakuonyesha kifaa peke yake. Kwa mtindi, mimina sampuli mpya kila mara, uiache itulie muda uleule, uzamishe spindo hadi alama ileile, usome baada ya sekunde zilezile. Mapovu yakinasa chini ya spindo, anza upya.

Jambo la spindo lenyewe. Viskomita nyingi za kuzungusha huahidi usahihi wa asilimia 1 ya kipimo kizima, si ya namba unayosoma. Spindo na mwendo wake vikifika mwisho kwenye sentipoizi 10,000, kosa linaloruhusiwa ni 100 popote ulipo. Ukisoma 8,000, mia si kitu. Ukisoma 1,000, mia ni asilimia 10. Kwa hiyo usisome chini ya asilimia 10 ya kipimo kizima, na mimi binafsi hupenda kuvuka nusu. Kubadilisha spindo ni kazi ya dakika moja, sijui kwa nini tunaiogopa.

Tuhesabu kidogo ubaoni. Sampuli tano mpya kutoka pipa moja, kwa sentipoizi: 1,180, 1,210, 1,195, 1,240, 1,175. Wastani ni 1,200. Mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho namba hutawanyika kuzunguka wastani, ni kama 26. Zidisha kwa 2.8, kizidisho cha kawaida cha ujirudiaji, unapata 73. Maana yake, kwa kukadiria, vipimo viwili vikipishana chini ya 73 msigombane. Mmepata jibu moja. Tano ni chache, nimezitumia ili ubao utoshe; kazini fanyeni kumi au zaidi.

Lakini kama bidhaa inatakiwa iwe kati ya 1,100 na 1,300? Nafasi ni 200. Mara sita ya mkengeuko huo, upana unaobeba karibu vipimo vyote, ni karibu 157. Kuyumba kwa kipimo kumekula zaidi ya robo tatu ya nafasi yote! Watengenezaji wa magari hukubali kuyumba kwa chini ya asilimia 10 ya nafasi, na wakivuka 30 wanasema kipimo hakifai. Hapo hatuna haki ya kumlaumu mkorogaji.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza: namba zikilingana kabisa je? Swali zuri, mwanangu. Kwanza, kifaa kinaweza kurudia uongo uleule. Ndiyo maana tunakikagua kwa mafuta ya silikoni yenye mnato unaojulikana, na watu wa ugezi, wanaosahihisha vifaa vya kupimia, wana kazi. Pili, nikiona daftari limeandikwa 1,200 siku saba mfululizo, namshuku mwandishi kabla ya kifaa. Mtu akiona namba ya kwanza, jicho lake huitafuta ya pili ifanane nayo.

Basi tusogee mezani. Kuna mtindi, kuna mafuta, na kila mmoja ana bika lake na karatasi yake. Andikeni joto kwanza. Tumieni wino, na karatasi zifunikwe. Hakuna kuchungulia ya jirani mpaka nitakapozikusanya.