Msiniletee Tena Picha ya Duara

Assalaam alaykum, na wengine hamjambo. Leo ni habari ya bakteria wa udongoni wanaokula selulosi, ile minyororo ya glukosi inayojenga kuta za mimea, na ya selulesi, vimeng'enya wanavyoilia. Naanza na duara, lile la manjano linalozunguka kundi la bakteria kwenye sahani, maana kila mwaka naletewa duara.

Zoezi lenyewe mnalijua. Gramu 1 ya udongo kwenye mililita 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85, unazimua hatua kwa hatua mpaka moja kwa milioni. Anayemtaka Bacillus, bakteria wa udongoni anayetengeneza spora ngumu, hupasha mchanganyiko nyuzi 80 kwa dakika 10, seli za kawaida zife, spora zibaki. Unapaka mililita 0.1 juu ya aga, ule utando mzito kama jeli wa kukuzia bakteria, yenye CMC (selulosi ya kiwandani) asilimia 1, unaiweka nyuzi 37 siku mbili, unamwaga Kongo redi, rangi inayoshika selulosi, ya asilimia 0.1, unangoja dakika 15, halafu unasuuza kwa chumvi ya mola 1, yaani gramu 58.5 kwa lita. Palipoliwa panakuwa manjano, kwingine kote kwekundu. Simu zinatoka mifukoni, picha zinapigwa, na kesho yake naletewa andiko: tumepata bakteria wa kugeuza makumbi ya nazi kuwa ethanoli.

Jamani! CMC ni selulosi iliyokwisha kutafuniwa mlaji. Kiwandani imebandikwa vikundi vya kemikali hata ikayeyuka majini kama uji. Anayekunywa uji si lazima aweze kutafuna muwa. Selulosi yenyewe, iliyopangika na kubanana, inataka vimeng'enya vya aina tatu: endoglukanesi ya kukata katikati ya mnyororo, eksoglukanesi ya kumenya kutoka nchani, na beta-glukosidesi ya kugawa selobiosi, vipande vya glukosi mbilimbili, iwe glukosi. Hii ya tatu ikipungua, selobiosi hujaa na kuwafunga mikono hao wawili. Bacillus wengi wa udongoni wana ya kwanza, eksoglukanesi ya maana hawana. Na duara linakuonyesha hiyo ya kwanza tu.

Namsikia anayenung'unika huko nyuma: “Lakini langu lilikuwa kubwa!” Kubwa kwa sababu gani? Kimeng'enya chenye molekuli ndogo husambaa mbali zaidi ndani ya aga. Aga nyembamba hutoa duara pana. Koloni, yaani hilo kundi la bakteria, ya siku tatu huishinda ya siku mbili. Kisha wapo wanaochota koloni ileile iliyokwisha kuogeshwa rangi, eti wakaikuze! Wakati huo maji yamekwisha kuzoa bakteria wa jirani na kuwachanganya. Gusa kila koloni kwa kijiti cha meno kilichotakaswa, kichome kwenye sahani mbili pacha, moja uimwagie rangi, nyingine uitunze. Na vaeni glavu, Kongo redi imetokana na benzidini, nayo benzidini huleta saratani.

Tuje kwenye makumbi, maana hapa pwani hilo haliepukiki. Wazee hufukia makumbi matopeni kando ya bahari miezi kadhaa, wakayafukua, wakayaponda, wakatoa usumba wa kusokotea kamba. Miezi yote hiyo bakteria wamejaa mle, wamekula nyama laini inayoshika nyuzi, na usumba umetoka mzima. Umelindwa na lignini, gundi ngumu ya miti, ambayo ni kama asilimia 40 ya unyuzi. Tope la bahari limeshindwa, wewe na chupa yako ya mezani utaweza kwa siku tatu? Afadhali ungeshika mabaki ya katani: katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 tu, mengine ni mabaki, na lignini yake ni ndogo sana mbele ya ile ya usumba.

Basi pimeni. Ukanda wa karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1, ambayo ni selulosi, sentimita 1 kwa 6, ni miligramu 50. Uloweke kwenye mchuzi, yaani maji walimokuzwa bakteria, nyuzi 50 kwa saa moja, tia DNS, kemikali inayobadilika rangi ikikuta sukari, chemsha dakika 5, soma kwenye nanomita 540. Na kipimo tupu, mchuzi uleule bila selulosi, msikiruke! Pumba za ngano mlizokuzia bakteria zina sukari yake, na DNS haiulizi sukari imetoka wapi. Tuseme nusu mililita ya mchuzi, safari hii kwenye CMC badala ya karatasi, imetoa miligramu 0.9 za glukosi kwa dakika 30. Hizo ni mikromoli 5. Gawa kwa 30, gawa kwa 0.5, unapata yuniti 0.33 kwa mililita, yuniti moja ikiwa mikromoli moja kwa dakika. Kipimo tupu kikisoma miligramu 0.6, umebaki na 0.11. Theluthi mbili ya ugunduzi wako ilikuwa pumba.

Kwa hiyo Bacillus hana kazi? Anayo, na ni kwa sababu ya udhaifu huohuo. Anayepausha jinzi hataki kitambaa kiyeyuke, anataka uso wake uguguniwe kidogo, nili, ile rangi ya buluu, itoke. Selulesi ya kuvu Trichoderma hupenda asidi, pH kama 5, na nili hurudi kuchafua nyuzi nyeupe. Ya bakteria inayofanya kazi pH 6 hadi 7 hupunguza hilo. Selulesi ya bakteria wa maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa ilikwisha kufika kwenye jinzi za ng'ambo. Mwaka 2004 KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, ilikuwa ikidai mgao wa faida. Ndiyo maana kabla ya kuchota udongo mtafute kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kanuni zipo tangu 2006.

Na mwache kujisifu kwamba kimeng'enya chenu hakifi kwa joto. Mwoshaji akimaliza hupandisha nyuzi 80, kife. Kisipokufa, kinaendelea kula suruali mpaka dukani.

Tangi la kukuzia bakteria kwa wingi nalipitia mbio. Msitie glukosi nyingi, bakteria akishiba hatoi selulesi. Chupa ya mililita 250 ijazwe 50 tu, hewa ipite. Bacillus hutoa povu kama sabuni. Likifika kwenye kichujio cha hewa inayotoka, kinalowa, kinaziba, na uchafu unaingia. Mchuzi uliochujwa una proteasi pia, vimeng'enya vinavyokula protini, zitakula selulesi yenu dukani, kwa hiyo ihifadhini kwa gliseroli na baridi ya nyuzi 4. Kukausha iwe unga, siku nyingine.

Maswali? Wewe mwenye simu mkononi, picha nitaiangalia. Kwanza niambie kipimo tupu kilisoma ngapi.