Kivuko cha Mapadri: Safari ya Mwaka 1776 na Waliowaonyesha Njia

Ndugu wasikilizaji, tarehe 29 Julai 1776, watu kumi waliondoka Santa Fe, mji wa koloni la Hispania ambao leo umo New Mexico, kutafuta njia ya nchi kavu ya kufikia Monterey katika pwani ya California. Waliongozwa na mapadri wawili Wafransisko, Francisco Atanasio Domínguez na Silvestre Vélez de Escalante, na mchora ramani wao alikuwa Bernardo de Miera y Pacheco.

Sehemu kubwa ya nchi waliyoiendea haikuwamo katika ramani za Wahispania, lakini naomba tusiiite nchi isiyojulikana. Watu wa kabila la Ute waliifahamu mito yake na malisho yake, na ni mmoja wao, ambaye mapadri walimwita Silvestre, aliyewafikisha kwao kwenye Ziwa Utah tarehe 23 Septemba.

Kutoka hapo waliongozwa na Mute mwingine, waliyempa jina la José María. Tarehe 5 Oktoba msafiri mmoja alimkemea mtumishi wake kwa uvivu wa kusali rozari, wakashikana mwilini. José María, alipouona ugomvi huo, akawaacha akarudi kwao. Kwangu mimi hapo ndipo safari ilipogeuka, kwa sababu theluji ilianguka siku hizo hizo, na sasa hapakuwa na mtu wa kuwaambia ni mlima upi unapitika. Baada ya siku sita walipiga kura ya bahati nasibu, na kura ikawaamuru warudi.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Katika Mto Colorado walizuiwa na magenge marefu ya miamba, wakachinja farasi wao ili wale, na kambi yao wakaiita Salsipuedes, yaani "toka ukiweza". Walihangaika karibu wiki mbili wakitafuta kivuko ambacho Wapaiute, wenyeji wa kabila jingine la huko, walikuwa wamewaelezea, hata tarehe 7 Novemba wakachonga vidato katika mwamba ili wanyama wateremke, wakavuka.

Walifika Santa Fe tarehe 2 Januari 1777 bila kuiona Monterey. Miera alichora ramani yenye thamani kubwa, ingawa aliweka humo mto unaotiririka kwenda magharibi ambao haupo. Vidato vile vya mwambani sasa vimefunikwa na maji ya bwawa la Lake Powell.