Ngong Ilipasuliwa, Longonot Iliota

Asanteni, kaeni tu. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na walionisikia zamani wanajua hapo ndipo huwa namaliza kukohoa.

Jiwe hili lipitisheni, kila mtu alishike. Ni jiwe la Ndarugo, ndugu yake yule wa ukuta wa nyumba yako. Lisugue kwa kidole gumba: linaacha vumbi la kijivu, na ndani kuna vipande vyepesi vyenye vitundu kama mkate. Ni majivu ya volkano yaliyoshikamana. Nairobi haimo ndani ya Bonde la Ufa, imekaa juu ukingoni, lakini tumeijenga kwa majivu. Basi mtu asinijie tena na hadithi kwamba ufa na volkano ni kitu kimoja.

Machi 2018 mvua ilinyesha na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Mnalikumbuka lile korongo, mtu akisimama ndani haonekani. Jioni televisheni ikatangaza Afrika inagawanyika! Simu yangu haikulala. Shemeji yangu ana ploti upande wa Suswa. Akaniuliza, "Shemeji, niuze kabla haijaenda baharini?" Nikamwambia twende tukaone. Tulifika asubuhi, tope mpaka kwenye vifundo. Nikamwonyesha ukuta wa korongo: majivu laini, tabaka juu ya tabaka, unayachimba kwa ukucha. Nikamimina maji ya chupa pale juu. Hayakutiririka. Yalizama, baada ya muda yakachuruzika hatua mbili chini yamebeba udongo. "Umeona?" Ameona. "Sasa Afrika imegawanyika wapi?" Akayatazama yale maji weee, kisha: "Kwa hiyo nisiuze?"

Najua wapo wanaosema chini ya korongo kuna ufa wa kale unaoyaelekeza maji. Sawa, huenda. Lakini aliyechimba usiku ule ni mvua. Mabamba ya ardhi, yale mapande makubwa ya ganda la dunia, hapa kwetu yanaachana milimita chache kwa mwaka. Kucha zako hukua hivyo kwa mwezi, na sijaona televisheni ikitangaza.

Ufa ni kazi ya kuvuta. Chukua donge la chapati ulivute pande mbili: katikati linakonda, linabonyea. Ganda la dunia nalo, likivutwa, hukatika na sehemu ya kati ikashuka. Volkano ni mahali mwamba ulioyeyuka unapotokea juu. Kuvuta kunaleta vipi kuyeyuka? Si kwa msuguano! Kosa hilo nimelisahihisha kwenye mitihani mpaka kalamu nyekundu zikaisha. Fikirieni maji ya chai. Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Nairobi hayafiki huko, yanachemka mapema, kwa sababu hewa ya juu inakandamiza kidogo kuliko kule. Ndiyo maana maharagwe yenu yanakula makaa. Mwamba wa chini nao tayari una moto wa kutosha. Unazuiwa na uzito ulio juu yake. Ganda likikonda, mwamba unapanda, mkandamizo unapungua, sehemu yake inayeyuka. Hakuna aliyeongeza kuni.

Sasa, kipi kinatangulia? Jumamosi pandeni Ngong mtazame magharibi, ardhi inavyoporomoka ghafla. Vile vilima ni mabaki ya volkano. Upande wake wa magharibi ulishushwa na ufa. Volkano ilikuwepo, ufa ukaipasua. Halafu teremkeni Naivasha muone volkano ya Longonot, mita 2,776, imeota kwenye sakafu ya bonde. Pale ufa ndio uliotangulia. Mwendo wa gari hauzidi saa mbili, na mmeona majibu mawili.

Mtaniambia, basi penye ufa lazima pawe na volkano. Hapana. Ziwa Tanganyika limelala ndani ya ufa, kina chake karibu mita 1,470, na volkano mtazikuta mbali, Virunga kaskazini na Rungwe kusini. Hawaii nayo ina volkano katikati ya bamba, mbali na ukingo wowote.

Ndiyo, kijana wa nyuma, nimeuona mkono. Unauliza, mbona Ethiopia ardhi ilipasuka ghafla, Septemba 2005, karibu na volkano ya Dabbahu? Kweli kabisa: ufa wa kilomita 60 hivi, kwa siku chache, mahali pengine ulifunguka mita kadhaa. Lakini uliza nani alifungua. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilijipenyeza chini kwa chini na kuachanisha miamba. Kwa hiyo mvutano hukaribisha magma, na magma ikifika humalizia kazi ya mvutano. Hilo lingetosha mhadhara mzima, ila mwenyekiti ananionyesha saa.

Nilikuwa niseme juu ya mvuke wa Olkaria, unaotupa umeme tangu 1981, na floridi ya maji ya Nakuru inayotia meno rangi ya kahawia. Siku nyingine. Jiwe langu limefika wapi? Mama, usiliweke kwenye mkoba, linazuia mlango wa jikoni kwangu.